Jina Lako Katika Maombi ya Alhamisi

Malava, Alhamisi mchana

Kizito mwanangu,

Saa hizi ni saa saba na dakika ishirini. Wanawake wa jumuiya wanafika saa kumi kukuombea safari, na wewe mwenye safari hupo. Ulipotoka asubuhi kwenda Iguhu kumuaga senje wako Truphena, dada ya baba yako, sikusikia ukisema "nikirudi". Ulisema, "Wakija hao, Mama, mimi sitakuwa hapa." Begi lako limefungwa, liko kando ya mlango. Tangu ulipoondoka nalitazama nikijiuliza kama utalifuata mwenyewe au utamtuma mtu, halafu kesho upitilize mpaka Lodwar bila kuniona uso.

Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu ndio ulionifikisha hapa, kwa hiyo leo acha mkono ufanye kazi.

Sitakusumbua na habari za kuchemsha maji ya kunywa wala kofia ya jua la Turkana. Una miaka ishirini na minne, na wenzako wa kuchimba visima wanayajua hayo kunishinda. Nataka kukuambia jambo moja usilolijua. Wewe unafikiri umeshajua kosa langu lote, na hasira uliyonayo umeipima kwa hicho unachokijua. Umejua nusu.

Nianze na harufu, maana ndipo yote yalipoanzia.

Baba yako alikoroga karai kwenye kinu cha sukari nguru miaka kumi na miwili. Jioni akiingia mlangoni, alikuja na maji ya miwa yaliyochacha kwenye shati, moshi wa makapi yanayochomwa chini ya karai, na chang'aa ambayo wao wenyewe waliipika nyuma ya kinu kwa molasi ileile. Harufu hizo zilirudi nyumbani kwangu pamoja, kila siku, kwenye shati moja. Sikuwahi kuzinusa mbalimbali. Kwangu kinu na pombe vilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kilichomzika baba yako kabla hajafika miaka arobaini. Tuliporudi kutoka kaburini nilikushika mabega, ukiwa na miaka kumi na mmoja, nikakuapisha kwamba mguu wako hautakanyaga kinuni. Uliitikia kwa kichwa. Mtoto gani angekataa siku kama ile?

Mwaka jana ukaanza kurudi jioni macho mekundu. Nilikuuliza ulikokuwa, ukasema, "Kwa kina Wafula, tunafungua pikipiki." Ulipopita karibu yangu kwenda kunawa, nikainusa ile harufu. Nikakaa kwenye gunia la mahindi. Nilimwona baba yako anaingia tena.

Hapo nataka utazame vizuri. Sikukuuliza mara ya pili. Nilikuwa na jioni nzima, tumekaa tunamega matonge ya obusuma kwenye meza moja, wewe na mimi tu, na sikuuliza. Nilifua shati lako huku nalia ndani ya beseni, na ilipofika Alhamisi nikakupeleka kwenye jumuiya.

Unajua tunavyofanya. Somo likishasomwa, kila mmoja anataja nia yake na wengine wanaitikia. Huyu anaombea mguu uliovimba, yule mtoto anayefanya mtihani, mwingine mvua. Mimi tangu nifiwe nilikuwa nasema, "Nashukuru kwa uhai," na hakuna aliyegeuza shingo. Siku hiyo nikasema, "Ninaomba mniombee Kizito wangu. Pombe imemshika kama ilivyomshika baba yake." Mama Perpetua, mwenyekiti wetu, aliinuka kwenye kiti chake akaja kunikumbatia, akasema watu wote wakisikia, "Huyu ndiye Monika wetu."

Jumuiya yetu ina jina la Mtakatifu Monika, na wewe umekua ukiiona picha yake kwenye kitambaa changu cha sare, yule mama wa Afrika ya kaskazini aliyemlilia mwanawe Augustino miaka na miaka mpaka akaacha upotovu akawa mtu wa Mungu. Kuitwa Monika mbele ya wanawake kumi na wanne si jambo dogo. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Nilipenda, Kizito. Afadhali nilitaje hilo waziwazi. Kutoka siku hiyo nikawekewa kiti cha mbele. Mama mwenye mtoto msumbufu akipatikana, wanasema aitwe Mama Kizito amtie moyo. Parokiani nilisimamishwa kutoa ushuhuda, na nilikuwa na namna yangu ya kujipangusa machozi kwa ncha ya kitambaa, nikijua kabisa watu wanatazama. Mimi mjane wa mkoroga karai, nimekaa benchi la nyuma maisha yangu yote, sasa nilikuwa mtu. Na kwa kuwa hakuna Monika bila Augustino mpotevu, nilikuhitaji upotee. Sikuliwaza kwa maneno hayo wakati ule. Lakini nakumbuka jioni moja ulirudi mapema, macho meupe, ukacheka, ukaniuliza kama kuna chai. Badala ya kufurahi nilihisi kama nimepungukiwa kitu.

Sasa inakuja ile nusu usiyoijua.

Jumanne moja kabla ya mavuno ya mahindi nilikuwa sokoni nikipima maharagwe. Mama mmoja mnene, sikuwahi kumwona, akanishika mkono. "Wewe si ndio mama ya Kizito? Mnafanana mpaka meno. Mimi ndio nauzanga chai pale kinuni. Huyo kijana yako ni wa maana sana. Wenzake wakianza ile kitu yao jioni, yeye anakunywanga chai yangu na anaenda kwa injini. Sisi tunamwitanga Fadha, kama padre." Akacheka. Akanieleza jinsi fundi wa kinu alivyokupenda, jinsi ulivyojifunza kuifungua ile injini ya dizeli na kuirudisha bila kubakiza hata nati moja. Macho yako mekundu yalikuwa ya moshi. Shati lako lilinuka kazi.

Nilimshukuru yule mama. Nikasahau maharagwe yangu pale kwenye mizani.

Njiani nilikuwa nikiimba, nikisema leo Kizito akirudi nitamchinjia ingokho, nitamwambia nimejua na simkasirikii. Halafu nikakumbuka Alhamisi. Nikafikiria kusimama mbele ya Perpetua na wenzake nikasema, "Nilikosea, mwanangu hanywi." Nikaona kiti cha mbele kinarudi nyuma. Nikaona parokia nzima inauliza, yale machozi yote yalikuwa ya nini? Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshanyamaza. Kuku hakuchinjwa. Alhamisi ilipofika, zamu yangu ya kutaja nia ikafika, nikafungua mdomo nikasema, "Tuendelee kumwombea Kizito." Nikiwa najua. Na Alhamisi iliyofuata vilevile. Zilikuwa Alhamisi tano.

Katika hizo tano ndipo Mama Immaculate, mama wa msichana uliyetaka kumwoa, ambaye huketi viti viwili kutoka kwangu, alipowatuma watu kwa baba zako wadogo kusema ile siku ya kwenda kujitambulisha kwao isiwepo tena. Alikuwa ametusikia tunakuombea. Mama gani anampeleka binti yake kwa mlevi anayeombewa kila wiki? Immaculate mwenyewe ndiye aliyekueleza sababu, nawe ukaja ukasimama hapa jikoni, hukuketi. Ulisema, "Mama, uliniita mlevi mbele ya Mungu na mbele ya Mama Immaculate. Mungu alijua si kweli. Mama Immaculate hakujua." Ukaniambia habari ya kinu, injini, na fundi aliyekupeleka kwa watu wa visima. Nami nikashika mdomo, nikasema, "Uwii, Kizito, kumbe! Kwa nini hukuniambia?" Kana kwamba nasikia mara ya kwanza.

Ulinitazama, ukaona mama aliyekosea kwa kutojua. Umenikasirikia huyo. Yule mwingine, aliyejua, hujamwona mpaka leo.

Wiki hii hujala mezani pangu, na mtu akila peke yake hukumbuka mengi. Nimekumbuka siku katekista wetu mzee alipokuja kutueleza maisha ya Monika. Sisi tulishika machozi tu, tukaacha mengine. Yalikuwapo mengine.

Alisema Monika alimwendea askofu mmoja akamsihi aongee na mwanawe amnyooshe. Askofu akakataa, akamwambia amwache kijana, yeye amwombee tu, siku moja ataona mwenyewe. Monika akang'ang'ana mpaka askofu akachoka akamfukuza kwa maneno ya upole. Hapo mimi nilikuwa nikiona askofu mvivu. Sasa naona alikuwa akimwambia mama apunguze maneno, kwa mwanawe na kwa watu, amwambie Mungu peke yake. Mimi niliwaambia wanawake kumi na wanne na parokia nzima. Mungu nilimwambia huku nikiwaangalia wao. Kama kuna jambo moja la sala ninaloweza kukuachia, ni hili: ukimtaja mtu kwenye maombi mbele za watu, jiulize kwanza kama yeye angependa kuwa mlangoni anasikiliza.

Alisema pia kwamba Monika alipokuwa msichana alikuwa akitumwa kuchota divai ya wazazi wake, naye akawa anaonja kidogo, kisha zaidi, mpaka akawa anakunywa kikombe. Siku moja akagombana na mtumishi wa nyumbani, na yule mtumishi kwa hasira akamwita mlevi. Monika angeweza kumshtaki achapwe. Badala yake alijitazama, akaona ni kweli, akaacha siku hiyohiyo. Nimelifikiria hili sana, mwanangu, kwa sababu lako ni kinyume. Yeye aliitwa mlevi akiwa ameanza kuwa. Wewe uliitwa mlevi na mama yako ukiwa unakunywa chai. Huko uendako utatukanwa, maana kambi ya wanaume ni kambi ya wanaume. Tukano likiwa na ukweli ndani, chukua ukweli uache mate yake. Lisipokuwa nao, liache lote, hata kama limetoka kwangu. Usilibebe mpaka Lodwar.

La tatu ndilo linalonitoa jasho saa hizi. Augustino alipotaka kwenda ng'ambo, Monika alimfuata mpaka ufukweni akamng'ang'ania arudi naye au waende wote. Kijana akamwambia anamsindikiza rafiki tu, amngoje. Mama akaingia kwenye kikanisa kilichokuwa karibu kuomba asiondoke. Kulipokucha, meli ilikuwa imeondoka naye ndani. Kila mara nikilisikia hilo nilimlaumu Augustino. Mtoto gani huyo? Leo ninauliza swali jingine, mtoto hufikaje mahali pa kumdanganya mama yake ili apate kuondoka? Wewe hukunidanganya habari ya Wafula kwa sababu ni mwongo. Nilikuapisha ukiwa mtoto, siku ya mazishi, na tangu hapo sikukuachia njia ya kuniambia ukweli bila kuvunja kiapo. Ukija kuwa na nyumba yako, usimwapishe mtoto.

Kuhusu Monika kumvumilia mume wake mkali, ambalo mapadre wanalipenda sana, hilo sikuambii kitu. Nililijaribu miaka kumi na miwili, na sidhani kama lilimsaidia baba yako.

Perpetua amepiga simu sasa hivi. Wako njiani, na anasema Mama Immaculate atakuja nao leo ingawa alikuwa ameacha kuhudhuria. Nitawaambia. Nimeshaandika hapa kwamba nitawaambia, na nikishindwa itabidi niichome barua hii, nawe utaenda bila kujua. Nasikia sauti zao njiani, wanaimba. Naweka kalamu.

Saa kumi na mbili kasorobo.

Wameondoka. Nakueleza ilivyokuwa, bila kuipamba.

Sikungoja wakati wa nia. Perpetua alipouliza, "Na kijana yuko wapi tumwombee?" nikasimama. Nikasema Kizito hayuko, amekataa kuombewa, na ana haki. Nikasema kijana huyu hajawahi kunywa, harufu ilikuwa ya kinu, na mimi nimelijua hilo tangu kabla ya mavuno nikawaacha mwendelee. Sikulia. Nilijikataza kulia. Perpetua akasema, "Mama Kizito, labda umechoka, keti." Nikasema sijachoka, nilidanganya.

Mama Immaculate ndiye aliyejibu. "Kwa hivyo mimi nimekataa kijana wa wenyewe juu ya hiyo maneno yako? Mtoto wangu analia miezi mbili, na wewe unaketi hapo unajua?" Nikasema ndiyo. Akachukua kitabu chake cha nyimbo akatoka. Sikumfuata. Sijui kama jambo la Immaculate linaweza kurudi, na sitakuahidi. Kesho nitaenda kwao peke yangu, bila kitambaa cha sare.

Unajua kilichofuata? Perpetua, kwa moyo mzuri kabisa, akasema, "Tumwombee dada yetu." Akaanza, "Ee Bwana, mponye Mama Kizito ulimi wake." Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Akaendelea, "Ee Bwana, umwondolee majivuno." Wakaitikia tena, jina langu likipita midomoni mwao, huyu amefumba macho, yule ananichungulia kwa jicho moja. Nilitaka kupiga kelele, ngojeni, si hivyo tu, mnisikilize kwanza. Masikio yaliwaka moto. Kila neno walilosema lilikuwa kweli, na bado nilitamani sakafu inifunike. Wewe ulifanyiwa hivi mwaka mzima, kwa uongo, na hukuwa ndani ya chumba kujitetea.

Nilipofumbua macho, Truphena alikuwa amesimama mlangoni. Amekuja kutoka Iguhu kuchukua begi lako. Alikuwa amesikia yote. Wenzangu walipoondoka, nilimfuata jikoni, nikamwambia, kama mwenye furaha, "Senje wa Kizito, umesikia? Nimesema ukweli mbele yao wote. Umwambie."

Akaweka sufuria ya chai mezani. Unamjua, hana haraka ya maneno. Akasema, "Nimesikia. Umesimama mbele ya watu tena. Lakini huyo mtoto amekaa kwangu tangu asubuhi, simu iko mkononi. Anangoja wewe. Kwani yeye umemwambia nini?"

Nimekuandikia kurasa hizi zote, nimezisoma tena sasa hivi nikitafuta mahali nilipokuambia, na nimekuta habari za baba yako, za Monika, za Perpetua, za namna nilivyosimama. Nimekuhadithia toba yangu kama nilivyowahadithia parokiani machozi yangu.

Kisha Truphena amenyanyuka akasema gari la Kakamega litamwacha, niandike upesi. Nimemwomba akangoje nje. Amechukua begi na kikombe chake, na mlango nimeufunga.

Kizito, hukuwa mlevi. Nilijua. Nilikuacha uitwe mlevi kwa sababu nilipenda kuhurumiwa, na ulipokuja kunieleza nilijifanya sijui. Nilikukosea wewe, na nilimkosea Immaculate. Nisamehe. Si lazima unijibu leo, wala mwaka huu. Nenda kwa amani ya Mungu, na baraka yangu unayo, hata usipoitaka.

Hakuna mtu mwingine humu ndani ninapoandika haya.

Mama